Watoto Wawili wa Pua ya Kahawia

Mie ni mwalimu wa baiolojia, na mdomo wangu hutangulia akili. Nalisema mapema ili msije mkanihurumia pasipostahili. Miaka kumi na tisa nimewafundisha kidato cha nne somo la urithi, yaani vile mtoto anavyochukua umbo na rangi kwa wazazi wake, na miaka yote hiyo nimetumia mfano uleule wa kitabuni: mmea wa njegere, mrefu na mfupi. Njegere nazijua kwenye sufuria tu, zikiwa zimeungwa kwa nazi. Mmea wenyewe sijawahi kuuona hata siku moja. Lakini nipe chaki, nitakuchorea ule mraba wenye vyumba vinne huku nimefumba macho.

Darasani huwa nawaambia hivi: kila jambo mwilini lina jeni mbili, moja umepewa na mama, moja na baba. Kuna jeni yenye sauti na kuna jeni ya kimya. Zikikutana, utaisikia yenye sauti tu. "Lakini ile ya kimya haijafa, jamani," nawaambia, "imekaa tu, inasubiri mwenzake." Wanafunzi wanacheka, wanaandika, wanafaulu au wanafeli, na mie narudi zangu Kunduchi kupika.

Nyumbani napakana ukuta na mzee mmoja mfanyabiashara, mwenye duka la vipuri Kariakoo. Yeye na familia yake ni Washia wenye asili ya Kihindi, wamezaliwa hapahapa Dar, na Kiswahili chao kinanishinda mie niliyekuja mjini mtu mzima kutoka Bukoba. Tumekaa vizuri. Mkewe akipika biriani ya shughuli, bakuli langu linakuja, na mie bakuli la watu silirudishi tupu, naweka ndizi au maparachichi. Ugomvi wetu ni mmoja tu, wa majani ya mwarobaini wangu kuangukia kwao, na huo tumeshauzoea.

Yule mzee alikuwa na mbwa jike wa ulinzi, mkubwa, mweusi tii. Yeye na watu wake hawakumgusa, maana kwao mate ya mbwa ni najisi, na mtu akilambwa itabidi ajitwaharishe kabla ya kuswali. Kwa hiyo mbwa alikuwa wa mzee kwa jina, lakini kwa kweli alikuwa wa mlinzi. Mlinzi ndiye aliyempikia dona na dagaa, ndiye aliyemwogesha na kumtoa kupe mmoja mmoja. Alikuwa mtu wa Singida, wa makamo, mwembamba, mpole, ameshika geti lile miaka kumi na moja. Namwamkia shikamoo kaka, anaitika marahaba Mwalimu, halafu ananiuliza wanafunzi hawajambo, kila siku iendayo kwa Mungu.

Sasa mzee akataka watoto wa mbwa. Akapatana na jamaa mmoja wa Chamazi mwenye dume jeusi la kutisha, kwamba watoto wakizaliwa, mwenye dume atachagua wawili wa kwanza. Dume likaletwa kwa pikapu, likakaa siku tatu, likarudi kwao. Nilikuwepo mzee alipompa mlinzi masharti.

"Wiki mbili hizi geti lisiachwe wazi hata dakika. Nje kuna mbwa koko. Mie nataka mbegu ya yule tu."

"Nimekuelewa, mzee," mlinzi akajibu.

Na mbwa koko kweli alikuwepo. Alikuwa wa njano, sikio moja limechanika, analala pembeni ya banda la chipsi. Mlinzi kwa huruma yake alikuwa akimrushia makombo juu ya geti. Mtaa mzima tulijua.

Miezi miwili na siku kidogo baadaye wakazaliwa wanane. Sita weusi kama mama yao. Wawili wa kahawia, rangi ya kakao, tena kahawia kila mahali, kwenye manyoya, kwenye nyayo, hadi kwenye pua.

Jioni moja nilikuwa narudi kazini, mkono mmoja mfuko wa kabichi, kwapani rundo la karatasi za mtihani, viatu vinanibana. Mzee alikuwa amesimama kwenye geti lake.

"Mwalimu, hebu simama kidogo. Wewe ndo mtaalamu wa mambo haya. Mbwa mweusi na mbwa mweusi, wanaweza kuzaa wa kahawia?"

Ningependa kusema nilifikiri. Sikufikiri. "Hee, mzee wangu! Mweusi kwa mweusi wazae kahawia? Hapo muulize aliyefungua geti!"

Nikacheka, nikaingia kwangu, nikavua viatu. Yeye hakucheka. Nililiona hilo, nikadhani amechoka na foleni ya Bagamoyo.

Asubuhi yake mlinzi aliniona nahangaika na mtungi wa gesi, akanipokea, akanibebea mpaka jikoni, kama kawaida yake. Akaniuliza wanafunzi hawajambo. Nikamjibu hawajambo, kaka, wanasinzia tu.

Siku ya tano akaja kubisha hodi kwangu na begi begani.

"Mwalimu, nimekuja kuaga. Kazi imeisha."

"Imeishaje tena?"

"Mzee anasema nilifungua geti. Anasema yule jamaa wa Chamazi akija kuchagua, atamweleza nini? Ataonekana tapeli." Alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

Nami, kwa mdomo huuhuu, nikamuuliza, "Kwani ulifungua?"

Alichelewa kujibu. Alichelewa kabisa, mpaka nikamsikia muuza maji akipita njia ya nyuma. Halafu akasema, "Sikumbuki kufungua, Mwalimu."

Moyoni nikasema, ehe. Asiye na kosa hujibu upesi. Ndivyo nilivyomhukumu mtu aliyenibebea gesi. Nikampa pole na nauli kidogo, akaikataa. Alichoomba ni kimoja: wale wawili wa kahawia wasije wakatupwa jalalani. "Wale hawana kosa," akasema, akaondoka.

Jumamosi nikaenda kurudisha bakuli la mama wa pale. Nilikuwa nimeweka parachichi tatu. Nikasema kwa kujifanya mwenye huruma, maskini yule kaka, miaka yote ile, mzee angemsamehe tu. Mama akanishangaa.

"Si wewe mwenyewe, Mwalimu? Mzee wangu alikuwa hana uhakika. Siku tatu anazunguka, anasema huyu mtu hajawahi kuniibia hata msumari, nitamshukuje? Akasema ngoja nimuulize Mwalimu, Mwalimu kasoma. Ulipomwambia geti lilifunguliwa, basi, akaona yameisha."

Nilirudi kwangu nikiwa nimelishika bakuli lilelile na parachichi zake, nimesahau hata kuliacha. Nilijitetea moyoni: nilitania tu, na zaidi ya hapo, si kweli? Mweusi na mweusi kahawia itoke wapi? Nilikuwa bado naamini nimesema kweli. Aibu yangu ilikuwa ya kumponza mtu tu, wala haikuwa ya kusema uongo.

Jumatatu kipindi cha tatu nilikuwa na kidato cha nne. Urithi. Nikachora mraba wangu. Baba mmea mrefu, lakini ndani amebeba ufupi. Mama mmea mrefu, naye ndani amebeba ufupi. Nikajaza vyumba: mrefu, mrefu, mrefu, na chumba cha nne, mfupi. "Mnaona?" nikawaambia. "Warefu wawili wamezaa mfupi. Katika wanne, mmoja."

Chaki ikanisimama ubaoni.

Katika wanne, mmoja. Katika wanane, wawili.

Mungu wangu wee. Nilikuwa nimeyaeleza haya mara ngapi? Kumbe elimu yangu ilikuwa inaishi ubaoni tu, ikitoka getini haijui njia. Nilifundisha njegere, nikaulizwa mbwa, nikajibu kama mtu aliyekaa kijiweni. Wanafunzi wakaniangalia. Mmoja akauliza kama naumwa. Nikasema ndiyo, naumwa, fungueni kitabu msome wenyewe.

Jioni nilikwenda moja kwa moja kwa mzee. Nikamkuta uani, kwenye kiti cha plastiki, mbali na banda la mbwa. Nikamweleza yote. Nikamwambia weusi ndiyo jeni yenye sauti na kahawia ndiyo ya kimya, na mbwa mweusi anaweza kuibeba kahawia maisha yake yote pasipo mtu kujua. Dume na jike wote wakiwa wameibeba, watoto wachache watapewa kimya na baba na kimya na mama, na hao ndio watakuwa wa kahawia. Nikamwonyesha pua. Nikamwambia ni kama fundi aliyeishiwa uzi mweusi: hata kifungo atakishonea kahawia. Ndiyo maana pua ni kahawia, nyayo kahawia, na hata macho, ambayo wakati ule yalikuwa bado ya bluu ya kitoto, hayatakuja kuwa meusi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Mzee yule ana adabu.

"Mwalimu, nakuheshimu. Lakini wiki ile uliniambia hivi, leo unaniambia vile. Mie nishike lipi? Yule wa Chamazi kaniapia mbwa wake ni mweusi ukoo mzima. Na mie nimemwachisha mtu kazi kwa neno lako. Nimrudishe kwa neno lako tena?"

Kweli ni kweli, hata ikikuuma.

Siku zile walimleta mlinzi mpya, kijana wa kampuni mwenye sare nzuri na anayemwogopa mbwa. Alikuwa anarusha chakula kwa mbali kama anarusha jiwe. Nikaomba ruhusa niwe napita asubuhi na jioni kuwalisha. Hapo ndipo nilipowajua wale wawili. Macho yao yalianza kubadilika polepole, bluu ikafifia, ikaingia rangi ya asali. Wenzao sita macho yakawa meusi. Kila nikiinama kuwawekea uji, wale wawili wananikodolea, na mie nasikia aibu kama nimefumaniwa.

Jumapili moja, baada ya ibada, sikurudi nyumbani. Kutoka Kunduchi mpaka Chamazi ni kukata jiji lote, na nilipofika, gauni langu la kanisani lilikuwa halitazamiki. Nilipanda bodaboda mpaka kwa yule mwenye dume. Nikajitambulisha kuwa mwalimu, jirani wa mzee, nimekuja kumwona baba wa watoto. Alifurahi. Mtu anayependa mbwa, ukimsifia mbwa wake, umemmaliza.

"Mwalimu, huyu mbwa ni mweusi tupu. Baba yake mweusi, babu yake mweusi, babu wa babu yake mweusi. Uliza mtu yeyote hapa."

"Na mama yake?"

"Mama yake?" Akaniangalia kama nimemuuliza jina la kupe. "Mama yake alikuwepo tu."

Nikakaa kimya, jambo nisiloliweza, lakini siku ile nililiweza. Akatoa simu anionyeshe dume lake lilivyokuwa dogo. Akawa anapitisha picha kwa kidole: mbwa akiwa na miezi sita, na miezi mitatu, na hii hapa akiwa bado ananyonya. Nikamshika mkono.

"Hapo hapo! Huyo ni nani?"

"Si huyo mama yake."

Mama yake alikuwa amelala ubavu, watoto wamemjaa tumboni. Alikuwa wa kahawia. Pua kahawia, macho ya asali yanatazama kamera. Ungesema ni wale wawili wa Kunduchi wamekua.

"Kaka yangu," nikamwambia, "uliapa ukoo mzima ni mweusi."

"Ndiyo. Ukoo si ni wa baba? Mtoto anafuata baba. Huyo mama rangi yake inahusianaje?"

Wala hakuwa anadanganya. Jamaa alikuwa anaongea kama tulivyolelewa wote, kwetu Bukoba na kwao pia: ukitaja ukoo, unataja baba, na mama ni wa kwao. Hakuficha kitu. Hakuna aliyemuuliza tu. Nikamweleza kwamba mama wa kahawia hana jeni nyingine ya kugawa isipokuwa ile ya kimya, kwa hiyo kila mtoto wake, hata awe mweusi vipi, ameibeba. Akamgeukia mbwa wake. "Kumbe na wewe," akamwambia. Halafu akanirushia ile picha kwenye simu.

Nilimkuta mzee amemaliza chakula cha jioni, mkewe anakusanya vyombo. Nikampa simu. Akavaa miwani. Akaikuza picha, akaipunguza, akaikuza tena.

"Huyu ni nani yao?"

"Bibi yao. Mzaa baba."

"Wamerudi kwa bibi," akasema.

Hapo nikajilaumu upya. Mwezi mzima nahangaika na mraba na vyumba vinne, kumbe neno lipo, kila nyumba ya Dar inalo, mtoto karudi kwa bibi yake. Mzee akavua miwani. Akanieleza kwamba marehemu mama yake alikuwa na macho ya kijivu, mepesi. Wanawe yeye wote wamezaliwa na macho meusi. Mwaka juzi mjukuu wake wa mwisho kafungua macho, ni ya kijivu. Nyumba nzima ililia kwa furaha.

Mkewe akaweka sahani chini. "Mbona siku ile hukuuliza nani kafungua geti?"

"Astaghafirullah, mama!" akasema mzee. Lakini alikuwa ameinamisha kichwa.

Kesho yake alifunga duka mapema. Tukaenda pamoja kwenye gari lake mpaka Mwananyamala, ambako tuliambiwa mlinzi amepata kibarua kwenye jengo linalojengwa, si mbali na hospitali. Tulimkuta amekaa juu ya mfuko wa saruji anachambua mchele kwenye sinia. Aliposimama niliona amepungua. Mzee akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nimekukosea. Geti halikufunguliwa. Wale ni watoto wa yule yule. Nisamehe, urudi kazini."

Mlinzi akamwitikia kwa heshima, akasema amesamehe, na akaomba amalizie mwezi pale, kwa sababu mwenye jengo amempokea vizuri na si vyema kumwacha ghafla. Mzee akakubali. Ningeweza kunyamaza. Mambo yalikuwa yamekwisha, gari linatusubiri. Lakini nilikuwa nimelala na jambo lile siku nyingi mno.

"Kaka, nina neno. Mzee hakukushuku mwenyewe. Mie ndiye niliyemwambia. Nilitania, nikacheka, nikaenda zangu. Nilikosea, na ni somo ninalolifundisha kila mwaka."

"Najua, Mwalimu," akasema.

"Unajua?"

"Nilikuwa nyuma ya geti, nimeshika bakuli la mbwa. Nilikusikia. Ulikuwa na makaratasi, una haraka."

Nikakumbuka mtungi wa gesi. Asubuhi yake ileile. Machozi yakanitoka palepale, mbele ya mafundi na ndoo zao, nikayafuta kwa mtandio.

"Sasa mbona hukuniambia? Mbona hukujitetea? Nilikuuliza kama ulifungua, ukachelewa kunijibu!"

Akaangalia vidole vyake vya miguu, vilevile kama siku ile. "Umesema wewe, mtu uliyesoma. Nikaona basi lazima itakuwa kweli. Nikaanza kujitafuta. Nikasema labda kuna siku nilisinzia na geti likawa wazi, mie sina habari. Mpaka leo nahesabu zile wiki mbili, siku kwa siku, natafuta niliposinzia. Sipapati."

Nilimwonyesha picha ya yule bibi wa kahawia. Nikamweleza taratibu, bila mraba, bila njegere. Alisikiliza akiwa ameishika simu yangu kwa ncha za vidole asiichafue kwa vumbi la mchele. Akauliza kama wale wawili wapo. Nikamwambia ni wazima, macho yamekuwa ya asali, na jamaa wa Chamazi amekuja leo asubuhi kuchagua, amewachukua hao hao, anasema wamefanana na mama wa mbwa wake. Akatabasamu kidogo.

Halafu akanirudishia simu, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mwanafunzi aliyebaki nyuma darasani wenzake wakitoka.

"Kwa hiyo, Mwalimu, mie sikulala?"

"Hukulala, kaka," nikamwambia. "Hukulala hata siku moja."